Dawa Mbili za Mzee Ambilikile

Tupokigwe aliijua miguu ya baba mkwe wake kuliko mtu mwingine yeyote pale kijijini, kwa sababu uso wake hakuwahi kuuona. Tangu aolewe na Lazaro alikuwa ameshika desturi ya Wanyakyusa kama alivyofunzwa na mama yake: mkamwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, hamtaji jina, na akikutana naye njiani huingia migombani akageuza mgongo mpaka mzee apite. Macho yake yakazoea kutazama chini. Na huko chini ndiko alikoliona jambo ambalo wenzake waliomtazama mzee usoni hawakuliona. Miguu ya Mzee Ambilikile ilikuwa inavimba.

Aliona kwanza kwenye katambuga zake za tairi. Mkanda uliokuwa ukifungwa tundu la ndani ukahamia tundu la kati, kisha la mwisho, kisha mzee akaanza kutembea ameuacha wazi. Nyayo zake kwenye tope nazo zilibadilika. Zamani alikanyaga akainua. Sasa alikuwa anakokota.

Desturi hii haikuwa na taabu enzi wazee walipokuwa wakijipangia makazi yao wenyewe, baba huku na mwana kule, kila mmoja na njia yake ya kwenda mtoni. Lakini kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa, watu wa mteremkoni wakasogezwa kando ya barabara ili kupisha shamba la chai la pamoja, na karani aliyekuja kupima viwanja alikuwa kijana wa pwani asiyejua la mkamwana wala la mkwe. Aliposikia kwamba Lazaro ni mtoto wa Ambilikile, akawapa viwanja vinavyotazamana, mlango kwa mlango, akadhani amewafanyia hisani kubwa. Tangu siku hiyo Tupokigwe alitoka nyumbani kwake kinyumenyume kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa daraja kati ya nyumba hizo mbili. Naye alikuwa amekwenda Mpuguso kumuuguza binti yake aliyejifungua. Kwa hiyo Tupokigwe alipika, Lazaro akapeleka. Na Lazaro akiwa kwenye shamba la chai, Tupokigwe aliweka bakuli juu ya kisiki, akakohoa, akaondoka. Mzee akishalichukua, naye alikohoa. Waliishi hivyo, kwa kukoholeana, na wala hawakukosana.

Pamoja na chakula, alichemsha mizizi.

*

Mizizi ilitoka kwa Bwana Pak. Huyu alikuwa Mkorea, mtaalamu wa mboga aliyeletwa kukifundisha kijiji kilimo cha kabichi, na Mzee Ambilikile alikuwa mlinzi wa shamba hilo la kabichi. Mmoja alijua Kiswahili cha kuokoteza na mwingine alikijua kwa lafudhi ya Kinyakyusa tupu, kila z ikimtoka s, lakini walielewana kupita watu waliozaliwa tumbo moja. Walikaa kwenye tuta wakichoma mahindi, wakicheka, na hakuna aliyejua wanacheka nini. Baba yake Pak huko kwao alikuwa mganga wa mizizi, na Pak mwenyewe hakusafiri bila sanduku la dawa za nyumbani. Siku mzee alipolalamika kwamba halali, kifua kinamwenda mbio, Pak alimfungia mizizi, maganda na vipande vya njano vyenye utamu wa ajabu, akamwonyesha kwa vidole: asubuhi, jioni.

Shida ni kwamba Mzee Ambilikile alikuwa tayari anatibiwa. Zahanati ya kijiji ilikuwa na muuguzi aitwaye Veronika, mwanamke mwenye mikono ya upole na mdomo mkali, aliyemgundua kuwa na presha na kumwanzishia vidonge vya kutoa maji mwilini. Veronika hakutaka kusikia habari ya mizizi. Mzee alikuwepo kwenye benchi siku alipomsimamisha bwana mmoja wa Suma mbele ya watu wote na kumuuliza, kwa sauti ya kufika barabarani, kama tumbo lake ni pipa la kila kinachookotwa porini. Bwana yule alitoka amejifunika kofia. Mzee Ambilikile alitazama, na zamu yake ilipofika akaulizwa kama anatumia kitu kingine, alijibu kwamba hatumii.

Na Pak alipomuuliza kama anakunywa dawa ya hospitali, mzee alimjibu vilevile.

Sasa miguu ilipoanza kuvimba, Veronika aliongeza vidonge. Pak naye aliposikia rafiki yake hana nguvu, aliongeza mizizi. Kila mmoja alikuwa anamsukuma mzee kwa nia njema, na mzee alikuwa katikati. Vyote viwili vilipita mikononi mwa Tupokigwe: mizizi kwenye chungu chake, na vidonge ambavyo Lazaro alivichukua zahanati na kuviweka juu ya kabati la vyombo. Katika watu wote wa kijiji kile, aliyeona dawa zote mbili na miguu yote miwili alikuwa yeye peke yake, na ndiye pekee asiyeruhusiwa kusema.

*

"Mwambie baba yako," alimwambia Lazaro jioni moja walipokuwa wakila.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba achague dawa moja. Au amwambie nesi anakunywa nini. Miguu yake inavimba."

Lazaro alikuwa mtu mwema, lakini mbele ya baba yake aligeuka mtoto wa kuchunga ndama. Akatafuna tonge lake kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Amenikataza," akasema. "Alinishika mkono akaniambia, habari za mizizi zisifike zahanati. Nikamwitikia."

"Ukaitikia."

"Ni baba yangu."

"Na akifa atakuwa nani yako?"

Lazaro akaacha kutafuna. Hata hivyo siku iliyofuata alipeleka chungu cha mizizi kama kawaida, akarudi na ujumbe kwamba baba anashukuru, leo imekolea.

Tupokigwe akajaribu njia nyingine. Alipofungua fungu lililofuata alivitenga vile vipande vya njano, akachemsha vilivyobaki. Alivitenga hivyo na si vingine kwa sababu moja tu, ya mpishi: ndivyo vilivyozidi kuongezwa katika kila fungu jipya. Chungu kikaenda, chungu kikarudi kikiwa kimejaa. Mzee alikuwa amemtuma Lazaro aulize ni nani amekula utamu wake.

*

Siku iliyofuata, wanaume wakiwa kwenye shamba la pamoja, Tupokigwe alimpelekea majani ng'ombe aliyefungwa nyuma ya nyumba ya mkwe. Upande wa pili wa ukuta wa mianzi alisikia pumzi nzito. Mzee alikuwa ameketi pale, ameegemea, hakwenda kulinda kabichi. Tupokigwe akasimama na majani mikononi. Kumsemesha mkwe asingeweza. Lakini hakuna mahali desturi ilipokataza mtu kumsemesha ng'ombe.

"Wewe ng'ombe," akasema, "kuna watu wanakunywa vidonge vya zahanati na mizizi ya Mkorea siku hiyohiyo, halafu wanashangaa miguu inavimba."

Upande wa pili mtu akasafisha koo.

"Ng'ombe," ikasema sauti ya mzee, "mwambie anayekulisha kwamba majani ni kasi yake. Miguu ni ya mwenyewe."

"Ng'ombe, mwambie mwenye miguu kwamba nesi hajui habari za mizizi."

"Ng'ombe, nesi asipojua ndiyo salama."

"Salama ya nani, ng'ombe?"

Ng'ombe alitafuna. Tupokigwe akaanza kutumaini. Halafu akasikia katambuga zikikokotwa kuelekea mlangoni.

"Ng'ombe huyu siku hisi ana maneno mengi," alisema mzee, akaingia ndani.

Tupokigwe alirudi kwake akacheka, hakuweza kujizuia, kwa kuwa ndiyo mazungumzo yao ya kwanza. Baada ya kucheka akaketi jikoni akalia. Alimpenda yule mzee asiyemjua sura. Alipenda kikohozi chake cha shukrani, na jinsi alivyoosha bakuli kabla ya kulirudisha juu ya kisiki, kazi ambayo hakuna mwanamume mwingine kijijini angeifanya.

*

Alianguka asubuhi, katikati ya milango miwili.

Tupokigwe alikuwa akitoka kinyumenyume na ndoo yake aliposikia kishindo. Akangoja kikohozi, hakikuja. Lazaro alishatoka, na majirani walikuwa shambani. Akageuza kichwa kidogo tu, kiasi cha kuona katambuga moja imelala kando ya mguu uliovimba, na mguu wenyewe unajaribu kujikusanya bila kuweza.

Akapiga moyo konde. Alijifunika kanga kichwani mpaka usoni, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kisigino chake kikagusa fimbo ya mzee. Akaiachia nyuma ncha ya kanga ya pili aliyojifunga kiunoni.

"Aliyeanguka ashike kanga," aliiambia migomba iliyokuwa mbele yake.

Kisha kanga ikavutika. Akajikaza, akaegemea mbele kwa uzito wake wote, na nyuma yake mzee akajiinua huku akihema.

Waliondoka hivyo. Yeye mbele, uso umefunikwa, anatazama tope. Mzee nyuma, fimbo mkono mmoja na kanga mkono mwingine. Kila mzee alipolemewa, kanga ilimvuta, naye alisimama akangoja bila kugeuka. Walipopita barabarani, Mwantum muuza vitumbua aliinua macho kwenye kikaango, akasahau kugeuza, na vitumbua vyake vikaungua upande mmoja. Wazee waliokuwa wakielekea kanisani walivua kofia, wasijue wamvulie nani. Tupokigwe alisikia minong'ono nyuma yake na aibu ikampanda mpaka masikioni, lakini hakuongeza mwendo, maana mzee asingeweza kumfuata.

*

Benchi la zahanati lilikuwa limejaa. Watu walimpisha mzee akaketi. Tupokigwe alisimama pembeni, amempa mgongo, amekitazama kitasa cha mlango.

Veronika alimpima presha, akapima tena. Alibonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki.

"Hii si nzuri, baba," alisema. "Vidonge unameza?"

"Namesa, mwanangu. Vyote."

"Kuna kitu kingine unakunywa? Mzizi, gome, chai ya mtu yeyote?"

Mzee alitazama benchi zima lililokuwa linamtazama.

"Hakuna," akasema. "Vidonge vyako tu."

"Basi vimeshindwa. Nitakuongezea tena."

Tupokigwe alisikia kopo la vidonge likifunguliwa. Alisikia vidonge vikimwagika kwenye karatasi, na mkono wa Veronika ukivihesabu kwa kukwaruza. Akafikiria jinsi atakavyorudi nyumbani, aweke chungu jikoni, na kuchemsha kama kawaida. Mikono yake ndiyo ingemmaliza, na ingemmaliza kwa adabu zote.

Akageuka. Kanga ikamwanguka kichwani, hakuiokota.

"Anakunywa, dada," alisema. "Asubuhi na jioni. Mizizi ya Bwana Pak. Mimi ndiye ninayemchemshia." Kisha akamtazama mzee machoni. "Baba, umesema uongo."

Bibi mmoja aliweka kiganja mdomoni akakiacha hapo. Tupokigwe aliuona uso aliokuwa akiukimbia tangu aolewe, na ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani, wenye masikio makubwa na macho ya mtu mwenye hofu. Mzee Ambilikile alivua kofia yake taratibu, akajifunika nayo uso, kama yule bwana wa Suma.

Wote walimgojea Veronika aanze. Veronika alifungua mdomo, akamtazama mzee aliyejificha nyuma ya kofia, akaufunga. Akavirudisha vidonge kwenye kopo.

"Nendeni mkamwite huyo Mkorea," akasema.

*

Pak alikuja kwa baiskeli, tope mpaka magotini, amebeba fungu la mizizi alilokuwa amemwandalia rafiki yake siku hiyo. Alipoona vidonge mezani, uso ukambadilika.

"Rafiki," alimwambia mzee, "mimi nauliza: wewe dawa hospitali? Wewe nasema: hapana."

"Na mimi nilimuuliza habari ya mizizi," alisema Veronika. "Akaniambia hapana."

"Kwa nini, rafiki?"

Kofia ikashuka kidogo.

"Nesi alinipa vidonge nikapumua," alisema mzee. "Pak akanipa misisi nikalala usingisi. Ningemwambia mmoja habari sa mwensake, mmoja angekasirika akaniacha. Mimi sikutaka kumpotesa yeyote. Nilitaka kuishi, basi."

Veronika aliangalia pembeni. Yawezekana alimkumbuka bwana wa Suma, hakusema. Alivuta kiti kingine akakiweka kwenye meza yake, upande wake, akampigapiga Pak begani akae. Wakafungua fungu pamoja. Pak alitenga kipande kimojakimoja, akieleza kwa maneno na kwa mikono: hiki cha tumbo, hiki cha usingizi. Alipofika kwenye vipande vya njano alisita.

"Hii tamu. Baba yangu nasema, nyingi sana, maji nakaa mwilini. Mguu navimba." Akaonyesha mashavu ya miguu yake mwenyewe. "Mimi naongeza, kwa sababu yeye hana nguvu."

"Na vidonge vyangu vinatoa maji," alisema Veronika, "na vinatoka na nguvu za misuli. Nami niliongeza, kwa sababu anavimba." Akashika kichwa. "Tumemfanya mzee wa watu kamba ya kuvutana."

Pak hakuielewa kamba, lakini alielewa kichwa kilichoshikwa, naye akashika chake. Hapo yule bibi wa benchini alianza kucheka, akafuatiwa na wengine, na Veronika mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Nyuma ya kofia, mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika.

Alipelekwa hospitali ya Tukuyu juu ya lori la chai, amelala kwenye magunia matupu. Daktari alisimamisha mizizi yote, akabadilisha vidonge, na kwa ajili ya kurudisha nguvu za misuli akamwagiza ale ndizi mbivu kwa wingi. Mzee alimtaka daktari arudie. Kwa miaka mingi baadaye aliwasimulia watu kwamba alipakiwa kwenye lori, akalazwa, akatobolewa mkono, ili aambiwe ale ndizi, yeye aliyezaliwa chini ya mgomba.

*

Lakini desturi ilikuwa imevunjwa, na benchi zima lilishuhudia. Mama mkwe aliporudi kutoka Mpuguso, alipokelewa na habari kabla hajatua mzigo. Hakumgombeza Tupokigwe. Alimwambia tu, kwa huzuni, kwamba mkamwana aliyemwita mkwe wake mwongo mbele ya watu hurudi kwao mpaka wazee wakae na faini itolewe. Lazaro alimsindikiza hadi kwao Lufingo. Njia nzima alitaka kusema jambo, na walipofika alisema, "Kazi ile ilikuwa yangu." Tupokigwe alimkubalia kwa kichwa, maana ilikuwa kweli, na hilo likawasaidia wote wawili.

Baba yake, Mzee Andrea, hakuuliza mengi. Alikwenda kulitazama dume lake la pekee la ng'ombe zizini, akalipapasa shingo, akatulia. Tupokigwe alimwona kutoka jikoni na moyo ukamuuma.

Ikapita kitambo. Mchana mmoja mvua ilipokatika, alisikia watoto wakipiga kelele njiani. Alichungulia mlangoni akaona baiskeli ya Bwana Pak ikisukumwa, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma, na kando ya baiskeli mzee mmoja anatembea akiinua miguu. Tupokigwe akarudi ndani upesi, akajifunika kanga, akasimama akiutazama ukuta.

Alisikia wageni wakikaribishwa, na vigoda vikiburutwa. Alisikia baba yake akianza, kwa sauti nzito ya maandalizi, kwamba wao ni watu wa heshima, na faini hawaikatai.

"Ngoja, ndugu yangu," alisema Mzee Ambilikile. "Faini nimeileta mimi."

"Wewe ndiye uliyekosewa."

"Hapana. Mkamwana amekatasiwa kumtasama mkwe ili asione mabaya yake. Basi na mkwe asitende mabaya mbele yake. Mimi nilikaa pale mbele yake nikadanganya. Aliyevunja ni mimi. Mke wangu tumekubaliana naye. Ng'ombe atakuja na Lasaro kesho. Huyu ana maneno mengi, mtanisamehe."

Mzee Andrea akampa mkono. Pak, ambaye hakuwa ameelewa sana, aliona kwamba mambo ni mazuri, akaanza kukata ndizi na kumgawia kila mtu.

Kisha hatua zikasogea mpaka mlango wa jikoni, zikasimama hapo.

"Tupokigwe," alisema mzee. Hakuwahi kulitaja jina hilo, akalitamka polepole kama mtu anayeonja chakula kipya. "Geuka, mwanangu. Ulishaniona nikiwa mwongo. Nione na nikiwa msima."

Tupokigwe akaiteremsha kanga mabegani, akageuka. Walitazamana, na kwa muda hakuna aliyejua mkamwana na mkwe waliosimama uso kwa uso waanze na neno gani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwafundisha. Mwishowe alipiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Ambilikile, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, asiyafiche.